Somo la kupati: nililipa, nikazidi kuharibika

Samahanini kwa kimya cha wiki tatu. Sikuumwa wala sikusafiri. Nilikuwa najifunza kusukuma mpira mdogo uingie kwenye kishimo. Chekeni tu. Mwandishi wa habari mwenye mshahara kama wangu, na gofu wapi na wapi? Nilitumwa kuripoti mashindano, nikashikishwa fimbo, basi ndiyo nimenasa.

Kwa wasiocheza: ukishafikisha mpira kwenye grini, yale majani yaliyonyolewa hadi kufanana na zulia, hupigi tena kwa nguvu, unausukuma taratibu. Sisi tunaita kupati. Uwanja wa mashimo 18 wenye hesabu ya mapigo 72 umekutengea mapigo mawili ya grini kwa kila shimo, yaani 36. Nusu ya mchezo! Mimi nilikuwa natumia arobaini na kitu, na kila Jumapili wenzangu wa chumba cha habari wanakunywa soda zangu.

Nikaamua kutafuta mwalimu. Klabu siitaji. Saa moja, shilingi elfu arobaini. Ndani ya saa hiyo alinibadilisha vidole, viwiko, mabega, magoti, mahali pa kuweka mpira na namna ya kupumua. Ndiyo, kupumua. Jumapili iliyofuata nilisimama juu ya mpira kama mtu anayejaribu kukumbuka namba ya siri benki. Nilikosa hata mipira ambayo mtoto angeingiza kwa mguu.

Hapo nilikuwa tayari kuandika makala nyingine kabisa: kwamba masomo ya kupati ni biashara ya kuwauzia matumaini watu wenye nafasi, na kwamba mkono mzuri mtu huzaliwa nao. Kichwa cha habari nilikuwa nacho tayari.

Kilichonizuia ni kedi mmoja pale Lugalo, mtu mzima, mbeba mfuko wa miaka mingi. Alinitazama nikikosa mara tatu, akasema, "Bosi, hebu lenga halafu usipige." Nikalenga. Akaishika fimbo yangu isicheze, akaniambia nije nyuma nitazame mwenyewe. Jamani! Uso wa fimbo ulikuwa unatazama kulia kabisa, nje ya shimo. Miezi yote ile nilikuwa nalenga pembeni, kisha mikono inajaribu kurekebisha kosa bila mimi kujua.

Fanyeni hesabu. Shimo lina kipenyo cha inchi 4.25, kama milimita 108. Ukiwa umbali wa futi tano, mpira ukitoka na kosa la nyuzi zaidi kidogo ya mbili umeshapita nje. Futi kumi, nyuzi moja tu inatosha kukuharibia. Na unaposimama juu ya mpira unalitazama shimo kwa upande, macho yako yenyewe yanakudanganya. Ndiyo maana nasema somo linasaidia, lakini kwa kazi hii hasa: kuona kile ambacho huwezi kujionea. Ilichukua dakika kumi.

Jambo la pili alilonipa ni umbali. Alichomeka kijiti hatua kumi kutoka nilipo, akasema nisijali kulia wala kushoto, mpira usimame tu karibu nacho. Mipira ishirini kila siku ninayokwenda. Zamani nilikuwa napati mara tatu kwenye mashimo tisa au kumi kwa raundi. Sasa ni manne, matano. Huo si utafiti, ni daftari langu.

Kwenye utafiti, yupo Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliyechambua mapigo ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa na kutoa kitabu mwaka 2014. Wale mnaowaona kwenye runinga, kutoka futi nane wanaingiza kama nusu tu. Nusu! Kwa hiyo mwalimu anayekuahidi kwamba hutakosa tena, mkimbie. Broadie aligundua pia kwamba kwa wachezaji bora duniani, kupati kunachangia takriban asilimia 15 tu ya kinachowatenganisha na wengine. Kinachobaki kiko kwenye mapigo ya kuelekea grini. Kwa hiyo wewe ambaye mipira yako bado inalala vichakani, pesa yako ya kwanza ya somo usiilete huku.

Lakini kuna kitu kinanisumbua zaidi ya hesabu hizi. Yule aliyenivuruga nilimlipa elfu arobaini, nikamwambia asante mwalimu. Aliyenifungua macho nilimpa ujira wa kawaida wa kubeba mfuko, na yeye ndiye aliyenishukuru. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mifuko, kwa hiyo hatuwezi kusema hatujui ujuzi uliko. Nilipomuuliza kwa nini asiwe na bei ya kufundisha, alicheka. "Nikianza kudai, bosi, watasema nimejipandisha."

Jumamosi nimemwomba tukutane nusu saa kabla ya wenzangu kufika. Elfu ishirini nimeshaitenga kwenye bahasha, mbali na ya mfuko. Sijui kama ataipokea.