UCHAMBUZI: Kustahimili chumvi pekee hakutoshi kuchagua mti

Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), iliyotolewa Desemba 2024, ilikadiria kuwa karibu hekta bilioni 1.4 za ardhi duniani zimeathiriwa na chumvi. Kenya nayo, tangu Desemba 2022, ina mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na sehemu kubwa ya nchi hiyo ni kame au nusu kame, ambako udongo wa chumvi si jambo geni. Swali la mti upi upandwe katika ardhi ya namna hiyo Kenya imekwisha kulijibu mara mbili, mara moja vizuri na mara moja vibaya.

Jibu la kwanza liko kaskazini mwa Mombasa. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Palikuwa na mawe ya matumbawe yasiyo na udongo, na maji ya chumvichumvi yalikuwa karibu tu chini yake. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa zilisalia tatu, na iliyofana kuliko zote ni mvinje. Mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana humea pasipo rutuba. Hata hivyo, majani yalirundikana bila kuoza, hadi majongoo yalipoletwa kuyala na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Ni nadra jongoo kusifiwa katika habari za maendeleo, lakini hapo alistahili. Leo wakulima wa Kilifi na Kwale hupanda mvinje na kuuza miti ya kujengea.

Jibu la pili ni mathenge. Mbegu zake zilifika katika machimbo hayo hayo mwaka 1973, kutoka Brazil na Hawaii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa Baringo, na pia Bura kando ya Mto Tana, ili wananchi wapate kuni na jangwa lizuiwe. Kuhusu sifa zake hakuna aliyedanganywa: mathenge huvumilia ukame, chumvi na joto kali.

Kilichosahauliwa ni mbuzi. Mifugo hula maganda yake matamu na kuzisambaza mbegu kwa kinyesi. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yakazipeleka mbali zaidi. Malisho yakageuka vichaka vya miiba, na sukari ya maganda ikaoza meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani kama kielelezo. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa rasmi kuwa gugu hatari. Siku hizi hukatwa kwa ajili ya makaa, lakini kisiki chake huchipua upya.

Mvinje nao si malaika. Kule Florida, nchini Marekani, unahesabiwa miongoni mwa miti vamizi. Pwani ya Kenya umekuwa wa manufaa kwa sababu mwenye shamba ndiye aupandaye, ndiye aukataye, na mnunuzi yupo. Baringo mti ulipandwa katika malisho ya jumuiya, na aliyeamua hakuwa mfugaji.

Liko pia kosa la kudhani kwamba mti huiondoa chumvi. Mchu, mmojawapo wa mikoko, huitoa kupitia majani, lakini hudondoka papo hapo. Huko Australia Magharibi, ambako zaidi ya hekta milioni 1 za mashamba zimeharibika, chumvi ilipanda baada ya misitu kufyekwa ili kulima ngano: maji yaliyokuwa yakinyonywa na miti yalijaa ardhini na kuipandisha juu. Dawa inayojaribiwa huko ni kupanda miti upande wa juu wa mteremko, iyanywe maji kabla hayajafika bondeni. Eneo lililokwisha kuwa jeupe kwa chumvi huachiwa vichaka vya malisho.

Mpango wa miti bilioni 15 umewekwa kwa hesabu ya miti. Hesabu hiyo haionyeshi kama mfugaji wa Baringo au Tana ataulizwa kabla ya mbegu kuletwa, wala ni nani atakayekuwa na ruhusa ya kukata mti ukishakua.