Vijana wa Voi, msiruke hadithi kwenye gemu

Hebu nikuulize wewe unayependa gemu za kupiga risasi. Mara ya mwisho ulipocheza gemu yenye hadithi, ulijua yule mtu uliyekuwa ukimwendesha anaitwa nani, ametoka wapi, na anawapiga wenzake kwa sababu gani? Au ulibonyeza tu padi mpaka maneno yakaisha, bunduki ikaja, ukaendelea na kazi?

Kama ulibonyeza, huko peke yako. Zunguka vibanda vya gemu mjini Voi, kuanzia karibu na steji hadi Kaloleni na Mwakingali, utaona skrini nyingi zina mpira. Na si ajabu. Mechi ina mwanzo na mwisho, unalipa shilingi zako, unafungwa, unampisha mwenzako. Gemu ya hadithi haiko hivyo. Ile ya kawaida inakula saa kumi au kumi na tano, na nyingine hata mara tatu ya hizo. Sasa wewe unalipa kwa dakika, mwenye kibanda anaangalia saa, nyuma yako kuna watu wanne wanangoja. Utakaa kweli usikilize wahusika wakiongea dakika tano? Unaruka. Nani atakulaumu?

Shida ni kwamba ukishazoea kuruka, unaanza kuamini kwamba gemu hizi ni za kupiga watu tu. Ukiwauliza vijana wa kwetu maoni yao, wengi watakuambia picha ni safi, bunduki ni noma, ila hizo stori ni ndefu bure. Mimi napinga. Hadithi ndiyo sehemu ambayo mtu mwingine anakuambia nani ni mtu na nani ni shabaha. Hapo ndipo unapotakiwa kufungua masikio kuliko mahali pengine popote.

Chukua mfano wa Resident Evil 5. Kampuni ya Capcom ya Japani iliitoa mwaka 2009, na mwaka 2016 ikaletwa tena kwa PlayStation 4. Ni ile aina ya gemu ambayo unamwona shujaa kwa mgongo, kamera inamfuata nyuma hatua kwa hatua. Shujaa ni Mmarekani anayeitwa Chris Redfield, na mwenzake ni dada wa Kiafrika, Sheva Alomar. Wanaingia mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju, wanakuta watu wameambukizwa vimelea na kugeuka wauaji. Wewe kazi yako ni kuwapiga mpaka waishe.

Unajua watu hao wanaitwaje? Majini. Naam, neno letu hili hili. Na wanapokukimbilia na mapanga na mashoka, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mchezaji wa Tokyo au Chicago anasikia kelele tu, lugha fulani ya kutisha isiyoeleweka. Wewe wa Voi unasikia lugha ya mama mboga wa sokoni, ya makanga wa matatu ya Mwatate na ya mwalimu wako wa darasa la nne.

Halafu kuna kichekesho. Kijuju, kwa mujibu wa hadithi yenyewe, iko Afrika Magharibi. Kiswahili na Afrika Magharibi wapi na wapi? Huko kuna Kihausa, Kiyoruba, Kiwolofu na lugha nyingine kibao. Lakini kwa waliotunga, Afrika ni Afrika tu, na sauti yoyote ya Kiafrika ilitosha. Ukiruka hadithi, hili hulioni. Unafikiri ni kelele za kawaida za maadui.

Si kwamba hakuna aliyesema. Trela ya kwanza ilipoonyeshwa mwaka 2007, watu wengi walishtuka kuona mzungu mmoja mwenye bunduki akifyatulia risasi umati wa watu weusi. N'Gai Croal, aliyekuwa akiandika kuhusu gemu katika jarida la Newsweek, alilizungumzia waziwazi mwaka uliofuata. Mjadala ulikuwa mkubwa Marekani na Ulaya. Sisi ambao lugha yetu ndiyo iliyotiwa vinywani mwa maadui, sauti yetu haikusikika sana.

Lazima pia tuwe wakweli. Gemu yenyewe ni tamu, hasa mkicheza wawili, mmoja Chris na mwingine Sheva. Sheva naye si pambo. Ana historia yake, wazazi wake walikufa akiwa mtoto kwa sababu ya uovu wa kampuni iliyotengeneza virusi. Kuna wachezaji wengi Waafrika wanaompenda, na wana sababu. Sikuambii uitupe gemu hiyo. Icheze, ila icheze ukijua kwamba mwenye kalamu ndiye aliyeamua kwamba Chris na Sheva wana majina, na wale mamia wengine wana neno moja tu la kuwatosha wote.

Wapo watakaosema, "Bwana, si ni gemu tu!" Basi tuangalie gemu ambazo zimelichukulia jambo hili kwa uzito. Spec Ops: The Line ilitoka mwaka 2012. Askari watatu wa Marekani wanaingia Dubai iliyofukiwa na mchanga, wakitafuta manusura. Mwanzoni unapiga risasi kama kawaida, unajiona mwamba. Mahali fulani unatumia silaha ya kemikali inayochoma, fosforasi nyeupe, kwa sababu gemu haikuachii njia nyingine. Kisha inakulazimisha utembee polepole katikati ya uliowachoma, na unakuta kumbe walikuwamo raia, akina mama na watoto. Kuanzia hapo hadithi inakugeukia wewe na kukuuliza kama bado unajiona shujaa. Wachezaji waligawanyika. Wengine walisema ndiyo gemu iliyowafanya wafikiri kwa mara ya kwanza. Wengine wakakasirika, wakauliza vipi gemu inilazimishe kufanya ubaya halafu inilaumu. Hoja zote mbili zina uzito. Ila aliyeruka mazungumzo hakupata hata moja ya hoja hizo. Yeye alipiga tu akamaliza.

Au The Last of Us ya mwaka 2013. Kama hujaimaliza na unapanga kuicheza, aya hii pekee nakuruhusu kuiruka. Joel, mzee aliyempoteza binti yake, anamsindikiza msichana Ellie kuvuka Marekani iliyoharibika. Mwishoni madaktari wanataka kumpasua Ellie watafute tiba, na atakufa. Joel anawaua na kumchukua mtoto, kisha anamdanganya. Wewe ndiye uliyeshika padi. Ulifanya sawa? Sehemu ya pili ilipotoka mwaka 2020, ilikulazimisha umchezee Abby, binti wa daktari yule yule uliyemuua. Watu waliikasirikia mno, na wengine wakaisifu mno, kwa sababu hiyo hiyo moja: mtu uliyemwona kama kizuizi mlangoni alikuwa baba wa mtu.

Sasa turudi nyumbani. Kwa nini haya yamhusu kijana wa Taita Taveta kuliko wengine? Kwa sababu sisi tunaishi juu ya hadithi ambazo zimeshasimuliwa na wengine, tena kwa mtindo ule ule wa Kijuju.

Simba wa Tsavo unawajua. Mwaka 1898 simba wawili walikula wajenzi wa reli pale mtoni Tsavo, na mhandisi Mwingereza, John Patterson, akawaua Desemba. Baadaye alidai waliwala watu 135. Wanasayansi waliochunguza mabaki ya simba hao walikadiria, mwaka 2009, kuwa ni kama 35. Simba wenyewe wako Chicago, kwenye jumba la makumbusho. Filamu maarufu ya kisa hicho, The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, ilipigwa Afrika Kusini. Hadithi yetu, simba wetu, na hakuna kilichobaki hapa ila jina la stesheni. Na ukiwauliza watu walioitazama, watakutajia mzungu na simba. Wale vibarua walioliwa wamebaki umati.

Kuna pia vita. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kupitia Maktau kwenda kupambana nao. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita, kile unachokiona ukikaribia Taveta kwa barabara ya Voi, wakapigwa wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata wakapigana Latema na Reata. Wanaokuja leo kutembelea uwanja huo wa vita husimuliwa majenerali. Lakini waliobeba chakula, risasi na majeruhi walikuwa wapagazi Waafrika, Wataita miongoni mwao. Makumi ya maelfu walikufa katika vita vile, wengi kwa magonjwa na njaa. Jina lao limebaki kwa masoko na mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambalo ni jina la kikosi chao lililogeuzwa matamshi. Makaburini walikozikwa wanajeshi wa dola, Voi na Taveta, utasoma majina ya askari wa kigeni kwenye mawe. Ya wapagazi usiyatafute. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi hayo iliomba radhi rasmi kwa kutowakumbuka wengi wao kwa majina.

Na kisa cha Kasigau je? Mwaka 1915, Wajerumani waliposhambulia kambi ya Waingereza pale mlimani, serikali ya kikoloni iliwashuku wenyeji kuwa wamesaidia adui. Ikawaondoa kwao na kuwapeleka Malindi, mbali na milima na mashamba yao. Wengi walifia huko. Walioishi walingoja miaka mingi kabla ya kurudi.

Niambie wewe mchezaji, hiyo si gemu? Kijana wa Kasigau, dola mbili zinapigana juu ya ardhi ya babu yake, zote zinamwita adui au mtumishi. Anamwelekeza nani njia ya kwenye maji? Anasema nini akiulizwa Wajerumani wamepita wapi? Akikataa kujibu, nani anaadhibiwa? Kamera inamfuata kwa mgongo, na mgongoni amebeba mzigo wa mtu mwingine. Kila uamuzi una bei. Spec Ops yenyewe haina hadithi nzito kuliko hiyo.

Nachelea jambo moja. Tusipoitunga sisi, iko siku mtu ataitunga. Salaita ni kilima kizuri kwa gemu, Tsavo ina mandhari ambayo hakuna msanii atakayeikataa. Na ikitungwa na asiyetujua, shujaa atakuwa nahodha kutoka mbali, na babu yako atakuwa mtu anayepita nyuma na kikapu akisema maneno mawili ya Kiswahili kibovu. Utalipa shilingi zako pale kibandani, utamsukuma apishe, utaendelea kupiga.

Wazee na walimu nao wana la kusema. Wanaona watoto wakishika bunduki za skrini siku nzima, wanasema gemu zinaharibu. Woga wao nauelewa, na mtoto wa miaka minane hafai kucheza hizi nilizozitaja. Lakini kwa kijana aliyekomaa, kinachonitia wasiwasi si risasi za skrini. Ni kupiga bila kujua umempiga nani.

Basi tufanyeje? Kwanza wenye vibanda. Tengeni jioni moja kwa wiki, au asubuhi ile ambayo viti viko vitupu, muweke bei ya jumla ya gemu ya hadithi. Vijana wanne wachange, mmoja acheze, watatu wafuatilie na kubishana, kesho wapokezane. Mtauza saa ambazo sasa haziuziki.

Pili, wewe mchezaji. Usiruke. Ukimaliza, bishana na mabeste zako kuhusu alichofanya mhusika, si bunduki gani kali tu. Na ukisikia Kiswahili, sikiliza kinasemwa na nani.

Tatu, wewe mwenye kompyuta, hata iwe nzee. Programu za kutengeneza gemu kama Godot ni za bure kabisa. Mkenya Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015, viumbe wa angani wakivamia jiji letu. Studio ya Kiro'o ya Kamerun ilitoa Aurion mwaka 2016 ikitumia ngano za Kiafrika. Walianza na kidogo. Voi tuna chuo kikuu, tuna vijana wanaojua kuchora, kuimba na kuandika msimbo, na bado tuna nyanya na babu huko Kasigau, Mbololo na Wundanyi wanaokumbuka walichosimuliwa na wazazi wao. Hao ndio wa haraka. Kompyuta itangoja, mzee wa miaka tisini hangoji.

Wikendi hii, kabla hujaenda kibandani, washa simu yako na uende kwa mzee mmoja. Muulize waliopelekwa Malindi waliitwa nani. Yaandike majina. Siku mtu atakapotengeneza ile gemu, awe wewe au mwingine, wale watu wasiitwe tena kwa neno moja la kuwatosha wote.