Aliyekiri gizani arudishiwe neno lake

Mnyonge hana haki, walisema wahenga. Nenda asubuhi moja katika mahakama ya wilaya ukajionee. Mtuhumiwa hana wakili, amesota rumande, anasomewa shitaka. Kuna aliyemnong'oneza: "Kubali yaishe." Naye anajibu: "Ni kweli." Yameisha? Ndiyo kwanza yanaanza!

Chukua mfano wa unyang'anyi wa kutumia silaha. Sheria yetu inasema adhabu isipungue miaka 30. Tuseme hakimu kakosea, kampa 15. Jamhuri inakwenda Mahakama Kuu, kosa linasahihishwa, inakuwa 30. Mfungwa atasikilizwa juu ya adhabu, sawa. Lakini lile neno lake la "ni kweli" limeshapigiwa msumari. Aliyekiri, sheria haimruhusu kukata rufaa ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu.

Tunauliza: kama kosa la hakimu linafutika, la mtuhumiwa halifutiki kwa nini?

Majaji wenyewe walishafungua mlango. Mwaka 1973, katika shauri la Adan, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza shitaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mtuhumiwa, jibu liandikwe kwa maneno yake, na asomewe maelezo ya kosa apate kuyapinga. Mwaka 1983 Mahakama Kuu yetu ikasema aliyekiri aweza kusikilizwa ikiwa kukiri kwake kulikuwa na utata, au kulitokana na kukosea au kutoelewa. Je, asiyejua kwamba anajikubalia miaka 30 ameelewa nini?

Jambo hili limezidi uzito tangu mwaka 2019, sheria iliporuhusu mtuhumiwa na mwendesha mashitaka kukubaliana juu ya kukiri kosa. Kigogo huketi mezani na mawakili wake. Mlalahoi ataketi na nani?

Sisi tunadai mambo mawili. Kwanza, hakimu alazimike kumtajia mtuhumiwa adhabu ya chini kabla ya kupokea jibu lake. Pili, adhabu ikipandishwa kwa sababu mahakama ilikosea, mfungwa aruhusiwe kuondoa kukiri kwake, kesi isikilizwe kwa mashahidi.

Hatutetei majambazi. Mwenye hatia atatiwa hatiani kwa ushahidi. Na serikali yenye ushahidi inaogopa nini?