Tusinunue Chujio la Pili Bure



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nizungumze na wenzangu, pamoja na wakubwa wetu waliokwisha kutoka shuleni hapa.

Mchango unafanywa wa kununua chujio jipya la maji ya kunywa, kwa kuwa la kwanza limeziba. Mimi nasema chujio lile halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu. Wakati wa masika Mto Ntahangwa huteremsha udongo mwingi mpaka Ziwa Tanganyika. Bomba lilipokauka, sisi tulichota maji ziwani tukayamimina chujioni na tope lake. Lingedumu vipi?

Tuwatazame ndugu zetu wa Muscat, huko Oman, ambako Kiswahili chasemwa katika nyumba nyingi. Wao hunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Katika mitambo ya siku hizi, maji husukumwa kwa nguvu yapenye utando wenye vitundu vidogo mno. Lakini kwanza hutiwa dawa ya kugandisha uchafu, hupitishwa mchangani, kisha hutiwa dawa nyingine ili chumvi zisigande juu ya utando. Hata klorini huondolewa, maana huuharibu. Mwaka 2008 na 2009 viumbe vidogo vya baharini vilizaana mno hata maji yakageuka rangi, na baadhi ya mitambo ya Oman na nchi jirani ikalazimika kusimama. Mali nyingi ilishindwa na vitu visivyoonekana kwa macho!

Ziwa letu si la chumvi kama bahari, lakini nalo lina madini yaliyoyeyuka. Tazameni birika la jikoni lilivyoota ukoga mweupe ndani. Ukoga huo hutoka kwa maji ya ndimu, nasi tunaacha tu.

Basi nashauri tuweke kwanza mapipa mawili. Katika la kwanza maji yatulie usiku kucha, yakitiwa shabu kwa kipimo cha mwalimu wetu wa kemia. La pili lijazwe mchanga na kokoto. Kuosha mchanga iwe zamu yetu wanafunzi, wala asione mtu haya.

Wakubwa wetu, twawashukuru kwa fedha zenu. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta: chujio jipya likinyweshwa tope, mwakani tutawaomba tena.

Mimi mwanafunzi wenu,
Bujumbura