Sifa ya Sindano Isitangulie Ushahidi



Yako matibabu ambayo sifa zake zimeanza kufika katika familia zetu, hasa zile zenye ndugu ng'ambo. Yanaitwa sindano za kuhuisha. Inasemwa kwamba mtu aliyeteswa na mgongo kwa miaka mingi huchomwa sindano chache, na sehemu zilizochakaa mwilini hujijenga upya. Habari ya namna hii huzaa matumaini, kisha mchango, na pengine hata shauri la kuuza shamba ili mgonjwa asafirishwe. Sisi tunaona kwamba kwa maumivu ya mgongo ya siku nyingi, ushahidi uliopo leo hautoshi kuifanya familia iuze kinachoilisha. Tutaeleza kwa nini, ili mtakapoulizwa nyumbani msijibu kwa hasira wala kwa woga.

Kwanza tuyaheshimu maumivu yenyewe. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na hakuna maradhi mengine yanayowazuia watu wengi kiasi hicho kufanya kazi zao. Hapa kwetu tunawajua wenye maumivu hayo kwa majina. Ni mama anayepanda kilima na mzigo uliofungwa kwa mkanda wa kichwa. Ni kijana anayesukuma chukudu barabarani Goma. Ni mchimbaji aliyeinama shimoni tangu alfajiri. Bidoni moja ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na kuna watoto wanaoibeba kila siku. Mtu wa namna hii akisikia kwamba iko sindano ya kumrudishia mgongo wake, asichekwe kwa kutumaini.

Sasa tuangalie sindano hizo ni nini. Ya zamani zaidi huitwa proloterapia, jina lililoenezwa na daktari mpasuaji wa Marekani, George Hackett, katika miaka ya 1950. Daktari huchoma maji yenye sukari ya glukosi katika kano zinazoshikilia mifupa ya mgongo. Hoja yake ni kwamba mwasho mdogo huuamsha mwili, nao mwili hukimbilia mahali pale kujenga na kukaza. Ya pili hutumia damu ya mgonjwa mwenyewe: huchotwa, huzungushwa kwa kasi katika mashine, kisha sehemu iliyojaa chembe sahani, zile zinazogandisha damu na kusaidia jeraha kupona, hurudishwa mwilini mahali panapouma. Ya tatu hutumia seli shina, yaani seli changa zenye uwezo wa kugeuka kuwa seli za namna nyingine, zinazotolewa katika uboho au katika mafuta ya mwili.

Hoja zote tatu zinavutia. Lakini hoja nzuri na dawa iliyothibitishwa ni vitu viwili tofauti, na daraja kati yake ni jaribio la haki. Mwaka 2004 watafiti wa Australia walichapisha jaribio kama hilo. Walichukua wagonjwa 110 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Wengine walichomwa maji ya sukari ya proloterapia, wengine maji ya chumvi tu, wala mgonjwa hakujua amepewa lipi. Baada ya mwaka, wengi wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu, lakini sukari haikuishinda chumvi kwa tofauti ya kutegemewa. Mwaka 2007 wataalamu waliunganisha majaribio matano yenye watu 366, wakahitimisha kwamba hapakuwa na ushahidi kwamba proloterapia peke yake inazidi sindano za kulinganishia.

Mtauliza: maji ya chumvi yamewezaje kumpa mtu nafuu? Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka. Mgonjwa huenda kwa daktari siku yamepanda, na mara nyingi yangeshuka hata asingechomwa. Tena, kusikilizwa, kuguswa na kupewa tumaini huyapunguza maumivu kweli. Kwa hiyo mtu anayeshuhudia kwamba sindano ilimponya hasemi uongo. Anasema alichokiona mwilini mwake, ila hana njia ya kujua kama ni sindano iliyofanya kazi au ni siku zilizopita.

Seli shina nazo zimepimwa. Jaribio moja kubwa, la watu 404 wenye maumivu yatokayo katika diski za uti wa mgongo, lilitangaza matokeo yake mwaka 2021, na shabaha yake kuu haikufikiwa. Watafiti wanaendelea, na ni vema waendelee. Hata hivyo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijaidhinisha seli shina zozote kwa kutibu maumivu ya mgongo, ingawa zipo kliniki nchini humo zinazoziuza kwa kazi hiyo. Hapa ndipo tunapotaka muwe macho. Mtafiti mwaminifu humwambia mgonjwa wazi kwamba hili bado ni jaribio. Anayemtoza maelfu ya dola, akimwahidi kupona, ameuza tumaini kabla ya kuwa na bidhaa.

Sindano nayo haikosi hatari zake. Mwaka 2018 wakuu wa afya wa Marekani walieleza habari za watu 12, katika majimbo matatu, waliolazwa hospitalini kwa maambukizo ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu. Sisi Wakongo tusihitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Mwaka 1976, Yambuku, sindano tano ziligawiwa kila asubuhi, zikatumiwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na Ebola ikapita humo. Kati ya watu 318 waliougua, 280 walifariki, wakiwamo watawa waliokuwa wakiwahudumia. Tangu hapo mengi yamerekebishwa, lakini tukumbuke: sindano ni mlango unaofunguliwa mwilini, na haufunguliwi bila sababu iliyo wazi.

Wapo watakaotupinga kwa methali: mgonjwa haulizwi uji. Watasema kwamba penye maumivu ni kutoa, si kuhoji. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inazungumzia uji, chakula tunachokijua kwa kuwa tumekipika na kukila miaka yote. Sindano hizi bado hazijawa uji. Mwenye mali yake, akijulishwa yote, ana haki ya kuzijaribu. Lakini mali inapokuwa shamba linalolisha watoto saba, au karo ya wadogo, kuuliza si ukatili, ni kumlinda mgonjwa pamoja na watakaobaki naye sindano ikishindwa.

Basi kikapu cha mchango kikipita, ulizeni kwa upole mambo manne. Ugonjwa huu una jina gani, na ni nani aliyempima? Tiba hii imelinganishwa na sindano isiyo na dawa, na ilishinda? Imeidhinishwa kwa ugonjwa huu hasa, au kwa mwingine? Na isipofaa, nani atalipa safari ya kurudi na matibabu yatakayofuata?

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote. Maumivu mengi ya mgongo, kadiri ya tisa katika kumi, hayatoki katika ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Lakini yako yatokayo katika ugonjwa wa hatari, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye kifua kikuu kingi duniani. Kifua kikuu huweza kuingia katika pingili za uti wa mgongo na kuzila. Mgonjwa mwenye homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, miguu kufa ganzi au kulegea, au anayeshindwa kuzuia haja, apelekwe hospitalini bila kungoja mchango. Dawa za kifua kikuu zipo, zinaponya, na hutolewa bure. Lingekuwa jambo la kusikitisha sana familia ikusanye dola za sindano ya mbali, huku tiba ya kweli ikingoja katika kituo cha afya cha jirani.

Kwa maumivu ya kawaida ya siku nyingi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi wa Desemba 2023. Linashauri mgonjwa aelimishwe juu ya hali yake, afanye mazoezi yanayomfaa, asaidiwe pia katika mawazo na wasiwasi wake, na dawa zitumiwe kwa uangalifu. Ushauri huu hauna fahari ya mashine, na matunda yake huja polepole. Lakini hauuzi shamba la mtu.

Hapo, vijana, ndipo kazi yenu inapoanza. Mazoezi humshinda mtu anayeyafanya peke yake, basi mgonjwa apate mwenzi wa kutembea naye asubuhi. Na mama hawezi kupona mgongo ikiwa kila jioni anarudi kisimani na bidoni ileile. Kila kundi lihesabu wenye migongo mibovu katika mtaa wake, lipange zamu za maji na kuni, na kugawa mizigo mikubwa kuwa midogo. Siku sindano ya kuhuisha itakapothibitishwa, tutaipokea kwa furaha na kuichangia. Mpaka siku hiyo, bidoni za kubebwa zipo, na mikono yenu ina nguvu.