Pumzi ya Mlimani Haifungi Goli

Kuandaa timu ya mpira wa miguu ya wasichana wa sekondari, mechi ikiwa imekaribia, ni kazi ya kuchagua: nini kifanyike ndani ya siku chache zilizobaki na nini kiachwe. Mjini Moshi na katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro uchaguzi huo mara nyingi huachiwa imani moja, kwamba ushindi huletwa na pumzi, na pumzi hutafutwa kwa kupanda mlima. Ratiba ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikitoka na mpinzani akijulikana, mabinti huamshwa alfajiri, hupandishwa barabara ya Kibosho au ya Uru mpaka jasho liwatiririke, kisha huteremshwa mbio kurudi shuleni. Jioni wanazungushwa uwanja. Mpira wenyewe unaguswa mwishoni kabisa, giza likishaanza kuingia. Imani hiyo ni potofu karibu kila upande, na wanaoilipia ni wachezaji.

Chimbuko lake linaeleweka. Mchakamchaka umelea vizazi vya wanafunzi wa Tanzania, na anayekabidhiwa timu mara nyingi ni mwalimu wa jiografia au hesabu ambaye hajapata kozi yoyote ya ukocha. Anawafanyia wanafunzi kile alichofanyiwa yeye. Halafu kila mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi mji hufurika wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, wanaoanzia na kumalizia Uwanja wa Ushirika, na si rahisi kuishi Moshi bila kuanza kuamini kwamba mlima unazalisha mapafu. Ipo pia sababu ya mfukoni: kukimbia hakuhitaji mpira, koni wala wavu.

Mwinuko hubadilisha damu pale tu unapokuwa mkubwa na mtu akakaa huko muda wa kutosha. Hewa ikiwa nyepesi, figo hutoa homoni ya erithropoietini, nayo huchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu zaidi. Kwa wanamichezo mabadiliko ya maana huanza kuonekana kwenye mita 2,000 hivi, na huchukua wiki tatu au nne. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000. Ukanda wa vihamba, wenye migomba na kahawa, ambako ziko shule za wasichana za Ashira na Machame, unakoma kabla ya mita 2,000. Hata lango la Machame la kuingilia hifadhi liko kwenye mita 1,800 hivi. Binti anayelala bwenini Kibosho, basi, hana damu tofauti na ya mwenzake wa Korogwe kwa sababu ya mwinuko. Na yule anayepandishwa dakika arobaini kisha akateremshwa hakupata kitu huko juu isipokuwa uchovu wa kupanda.

Kwamba mwinuko mkubwa una uzito wake hakuna anayebisha. Mwaka 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa juu ya mita 2,500, Bolivia ikaja juu kwa ajili ya La Paz yake iliyo kwenye mita 3,600 hivi, na mwaka uliofuata marufuku ikasitishwa. Kilimanjaro nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 24 Juni 2017, wanawake kutoka nchi mbalimbali, chini ya kampeni ya Equal Playing Field, walicheza dakika 90 ndani ya kreta karibu na kilele, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari, wakaweka rekodi ya dunia ya mechi iliyochezwa mahali pa juu kuliko zote. Walikuwa wamepanda taratibu kwa siku kadhaa ili miili izoee. Matokeo yalikuwa 0-0. Hata kule juu, mlima haukumgawia mtu goli.

Isitoshe, miguu ya kupanda mabinti wengi wa huku wanayo tangu utotoni. Ng'ombe wa kihambani hulishwa zizini, na majani yake hupandishwa kichwani kutoka tambarare, kazi ambayo kwa desturi imewaangukia mama na mabinti zao. Kuwapa watoto hao mazoezi ya mlima kama dawa ya wiki ya mwisho ni kupeleka ndizi Marangu.

Mechi yenyewe inadai kitu kingine. Mchezaji wa kike wa ngazi ya juu hufikisha karibu kilomita 10 katika dakika 90, lakini hazikimbiwi kwa mwendo mmoja kama mbio za barabarani. Sehemu kubwa ni kutembea na kukimbia polepole. Kinachoamua ni vipande vifupi vya kasi, kusimama ghafla, kugeuka, kuruka, kuanza tena. Uwezo huo hujengwa kwa wiki sita hadi nane za kukimbia vipande, kwa mapumziko mafupi katikati, na hujengeka vizuri zaidi mpira ukiwa mguuni, wanne kwa wanne ndani ya eneo dogo. Anayeanza kuutafuta siku kumi kabla ya mechi amechelewa, na akikazana ataukosa na kupoteza hata ule uliokuwepo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kushuka, jambo ambalo karibu hakuna anayelizungumza. Mtu anapoteremka mbio, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inavutwa huku imekaza. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo za msuli zaidi kuliko kupanda kunavyofanya. Maumivu hayaji siku hiyohiyo. Hupanda kati ya saa 24 na 72 baadaye, nguvu ya paja ikipungua pamoja nayo. Timu iliyoteremshwa kutoka Kibosho Jumatano inacheza Ijumaa ikiwa na mapaja yanayouma hata kwa kushuka ngazi za bweni, na baada ya kufungwa itaambiwa kwamba haikukimbizwa vya kutosha.

Kwa wasichana kuna la ziada kuhusu goti. Kano ya mbele ya ndani ya goti hukatika kwa wachezaji wa kike mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume katika mpira wa miguu, na mara nyingi hukatika pasipo kugongwa na mtu: binti anatua vibaya au anageuka huku goti limeingia ndani. Mapaja yaliyochoka hulilinda goti hafifu. Kinga ipo na inajulikana. FIFA 11+ ni mazoezi ya kupasha moto mwili ya dakika 20, yasiyohitaji chombo chochote zaidi ya mpira: kukimbia polepole, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na kuelekea sambamba na vidole. Yalipopimwa nchini Norway kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi moja. Dakika hizo 20 ndizo zinazoliwa na barabara ya mlimani.

Lipo pia suala la damu, na hapa imani ya pumzi inageuka kuwa ya kikatili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta takriban asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Timu yoyote ya sekondari ina uwezekano mkubwa wa kuwa na mabinti kadhaa wa namna hiyo, hasa umri huu ambapo mwili unakua na hedhi imeshaanza. Dalili yake uwanjani ni ileile inayomkasirisha mwalimu: binti anahema haraka, anashika kiuno dakika ya kumi na tano, anabaki nyuma. Anaitwa mvivu na kuongezewa mizunguko. Kumbe anachokosa ni madini ya chuma. Kipimo cha damu ni cha dakika chache katika kituo cha afya, na jikoni mwa shule kuna la kufanya hata bajeti ikibaki palepale: maharage, mchicha na dagaa vipewe nafasi, chungwa au embe vifuatane na mlo, na chai ya rangi isinyweke pamoja na chakula kwa sababu huzuia mwili kuchukua chuma, isogezwe saa moja mbele au nyuma. Hilo ni la wiki nyingi, halitibiki siku ya mechi. Hedhi yenyewe si sababu ya kumweka binti benchi wala ya kumlazimisha acheze. Anaulizwa faragha, na mwalimu wa kike au matroni, na anachosema kinaaminiwa.

Siku kumi na nne za mwisho, kwa hiyo, ni za kupunguza. Kiasi cha mazoezi hushushwa hadi karibu nusu, kasi ikibaki ileile: vipindi vifupi, vikali, kisha nyumbani. Saa ya mazoezi inahamishwa kutoka alfajiri yenye ukungu kwenda saa ambayo mechi huchezwa, kwa kuwa mwili huzoea joto kwa kukutana nalo. Kwa kombaini ya mkoa hilo lina maana maradufu, maana fainali za taifa za UMISSETA huhamahama. Mwaka 2021 zilikuwa Mtwara, pwani kabisa, ambako ubaridi wa asubuhi ya Machame hauna msaada.

Muda unaookolewa hivyo una kazi moja: mpinzani. UMISSETA hupanda ngazi kwa ngazi, shule, wilaya, mkoa hadi taifa, na katika ngazi nyingi timu kadhaa hukusanyika uwanja mmoja kwa siku mfululizo. Mpinzani wa keshokutwa anacheza leo, mbele ya macho ya kila mtu. Bado timu nyingi humaliza mechi yao, zikapanda gari au kwenda kulala chini ya mti, zikaja kukutana naye kwa mara ya kwanza refa anapopuliza kipenga. Wanafunzi wawili wenye daftari, wakikaa nyuma ya goli moja kila kipindi, wangerudi na mambo yanayotosha. Kona zao zinaangukia nguzo ya karibu au ya mbali? Winga wao anatumia mguu gani, na akibanwa upande huo anafanya nini? Beki yupi anautoa mpira nje kila akisongwa? Wakifungwa, nani anapiga kelele na nani ananyamaza?

Kipa anastahili kuangaliwa kuliko wote. Goli la sekondari ni mita 7.32 kwa 2.44, vipimo vya watu wazima, na analilinda binti wa miaka kumi na sita ambaye hata akiruka huenda asiguse mwamba. Katika mechi za umri huu shuti la juu la kutoka mita ishirini ni silaha hatari kuliko chenga tano. Daftari likisema kipa wao ni mfupi na husimama mbele ya mstari, wapigaji wanajua cha kufanya mapema. Likisema wao wana binti mwenye shuti la mbali, kiungo mmoja anapewa kazi ya kumfuata mchezo mzima, na mazoezi ya jioni yanakuwa hayo: mwenzake anaigiza mpiga shuti, yeye anajifunza kumfikia kabla mguu haujainuka.

Ushahidi mkubwa wa nyumbani ni wa Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, kwenye Kombe la Dunia la 2022 nchini India. Tarehe 12 Oktoba ilifungwa 4-0 na Japani. Tarehe 15 Oktoba ikaifunga Ufaransa 2-1, kisha ikatoka sare 1-1 na Kanada na kuingia robo fainali, ilikotolewa na Kolombia kwa 3-0. Siku tatu hazimuongezei mtu yeyote pumzi. Kwa kweli baada ya dakika 90 ndizo siku ambazo misuli inarudisha nguvu tu. Mapafu yaleyale yaliyofungwa mabao manne ndiyo yaliyoishinda Ufaransa. Kinachoweza kubadilika katika muda kama huo ni mpangilio, majukumu na kichwa kutulia.

Walimu wana hoja moja yenye uzito: shule ina mipira miwili, mmoja umepasuka, na wachezaji ni ishirini na wanane. Ni kweli, na lawama ya hilo haiwaendei wao. Lakini kazi ya kumjua mpinzani ndiyo inayokula mipira michache kuliko zote. Kona hufanyiwa mazoezi kwa mpira mmoja. Ukuta wa mabeki wanne hujifunza kusogea pamoja kwa kutembea, mwalimu akiwa ameushika mpira mkononi na kuuhamisha kushoto na kulia, wengine wote wakisimama mahali pa wapinzani kama daftari lilivyoeleza. Mawe hutosha kuwa koni. Walio benchi huigiza winga na straika wa upande wa pili, na kwa njia hiyo siku wakiingizwa dakika ya sitini wanakuwa wameshamjua kila mmoja wa wale wanaokwenda kukutana nao. Yote hayo yanamalizika ndani ya saa moja, kabla ya kengele ya chakula cha jioni, na asubuhi inayofuata timu inaachwa ilale mpaka muda wa kawaida wa shule.