Ua Liko Uingereza, Sululu Ziko Maganzo

Mwezi wa Oktoba 1947, katika ardhi ya Mwadui, mwendo mfupi kutoka Maganzo, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Dakta Williamson akaitoa zawadi kwa arusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Ikakatwa, ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya ua la kupambia nguo. Waliopindua ardhi ile hawakuchongewa hata kisiki.

Twasema Maganzo nayo ipate sanamu yake. Wala isiwe ya shaba iliyoagizwa ng'ambo, kama ile ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, bali iundwe kwa vyombo vya wachimbaji wenyewe: sululu zilizochakaa, chekeche zilizotoboka, makarai na ndoo.

Wapo watakaocheka na kuziita takataka. Na wawatazame jirani zetu wa Msumbiji. Vita vya ndugu kwa ndugu viliwatesa miaka kumi na sita, hata mapatano ya 1992. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo wakaanza kukusanya silaha. Aliyeleta bunduki alipewa cherehani, baiskeli au jembe. Mafundi wakazikata bunduki zile, wakaziunga upya kuwa sanamu. Fundi Kester akaunda kiti cha enzi mwaka 2001, na bunduki zilizomo hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika. (Kiti hicho nacho kimekwenda London!)

Sisi hatukupigana vita kama vile. Lakini mwaka ule ule wa 1992 tulirudia vyama vingi, na katika siku za uchaguzi wa Oktoba 2025 watu walikufa nchini mwetu. Asiseme mtu kuwa mgawanyiko ni jambo la jirani.

Shimoni haulizwi mtu kadi yake. Basi kila mchimbaji na alete chombo chake, awe wa chama hiki au kile, au asiwe na chama, na mafundi wa kuchomelea wa hapo hapo waifanye kazi. Nanyi wanachama wenzetu, twawaambia waziwazi: msiipake rangi zetu, wala lisiandikwe juu yake jina la mheshimiwa yeyote. Isimamishwe kando ya barabara iendayo Mwanza, ambapo abiria wa mabasi wataiona.